Umeme wa Miguu ya Mama

Kila alasiri, kabla hata hajavua sare ya shule, Kidadisi alichukua kijiti chenye sumaku nchani na kuanza kuokota pini sakafuni. Alipewa kazi hiyo akiwa na miaka saba. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani, hata awe hodari namna gani, lazima adondoshe pini. Sasa Kidadisi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na pini zilikuwa bado hazijaisha.

Jina lake halisi liliandikwa kwenye kitabu cha mahudhurio, na huko ndiko lilikobaki. Akiwa na miaka minne, mdomo wazi mbele ya daktari wa meno, aliuliza, "Na wewe ukiumwa jino unajing'oa mwenyewe?" Mtoto wa namna hiyo angeitwa nini kingine? Hata mwalimu mkuu alimwita Kidadisi.

Chumba cha kazi kilikuwa kimoja lakini kilikuwa na wenyewe wawili. Upande wa dirishani, penye mwanga, ilikaa cherehani ya miguu ya mama, nyeusi, yenye kanyagio la chuma lililong'aa kwa kusuguliwa na soli za viatu. Upande wa mlangoni, nyuma ya rafu ya vitambaa, palikuwa na meza ya mjomba, mdogo wake mama, fundi wa redio, simu na chochote kilichokataa kusema. Mama alilalamika kwamba nyaya za mjomba zinaingia kwenye nguo za wateja. Mjomba naye alilalamika kwamba nyuzi za mama zinaingia kwenye redio. Walilalamikiana hivyo miaka tisa na hakuna aliyehama.

Siku hiyo Kidadisi alipofika mezani kwa mjomba aliona kisahani chembamba cha shaba, kipana kama kifungo cha koti, kimepakwa kitu cheupe juu yake.

"Mjomba, hiki ni nini?"

"Hilo ni koo."

"Koo la nani?"

"La saa ya kengele. Ndilo lililokuwa likipiga kelele kila alfajiri, mpaka mwenye saa akaichoka akaibamiza ukutani. Nimeletewa maiti hapa, nimeambiwa nifufue."

Kidadisi alikigeuza kisahani mkononi. Mjomba, aliyekuwa anapenda kuulizwa kuliko alivyopenda kukiri, akaunganisha nyaya mbili kutoka kwenye kisahani hadi kwenye taa nyekundu ndogo kama punje ya mchele. "Haya, kigonge na mpini wa bisibisi," akasema.

Kidadisi akakigonga. Taa ikakonyeza, ikazimika.

"Betri iko wapi?"

"Hakuna betri."

"Basi umeme umetoka wapi?"

"Mkononi mwako."

Kidadisi aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mjomba akacheka, akaweka bisibisi chini na kumweleza. Ule weupe, alisema, ni fuwele ndogo ndogo mno zilizopangwa kama watu waliokaa kwenye benchi. Ukiwabana, wote wanasogea. Huku kunajaa, kule kunabaki wazi, na msukumano huo ndio umeme. Saa inapotaka kulia, hupeleka umeme kwenye benchi na benchi likatikisika. Ukitikisa benchi wewe, unapata umeme.

"Na nikikibonyeza nisiachie?"

"Unaniuliza mimi, na kisahani unacho?"

Kidadisi alikandamiza kwa kidole gumba. Taa ilikonyeza mara moja tu. Aliendelea kukandamiza mpaka ukucha ukageuka mweupe, hakuna kitu.

"Umeona?" mjomba akasema. "Umeme wa fuwele huzaliwa unapobonyeza au unapoachia. Ukitulia, nao unatulia. Ukibonyeza unakwenda huku, ukiachia unarudi kule, na taa hii inapokea wa kwenda tu."

"Nyie wawili," mama aliita kutoka dirishani bila kuinua macho kwenye mshono, "mkimaliza kuhojiana, kuna pini huku chini inanichoma."

Kidadisi akaenda na sumaku yake, akainama chini ya cherehani. Mbele ya pua yake ilikuwapo miguu ya mama. Kisigino kilishuka, kidole kikashuka, kisigino, kidole, kisigino, kidole, tangu asubuhi mpaka jioni, mwaka hadi mwaka. Aliisahau pini palepale.

* * *

Wiki hiyohiyo mwalimu wa sayansi aliingia darasani akiwa na karatasi mkononi na tabasamu alilokuwa akijaribu kulificha.

"Baada ya wiki tatu tutakuwa na maonyesho ya sayansi," alisema. "Atakuja mtafiti kutoka chuo kikuu. Mwiteni Daktari, ingawa hachomi sindano. Atachagua wanafunzi wawili, nao watakaa kwenye maabara yake wiki nzima ya likizo. Ana hadubini inayoona vitu vyembamba kuliko unywele mara elfu moja. Na kazi yake, kwa taarifa yenu, ni fuwele zinazotoa umeme zikibonyezwa."

Kuanzia dakika hiyo Kidadisi hakutaka kitu kingine chochote duniani. Alitaka kuliona lile benchi kwa macho yake, na wale watu waliokaa juu yake.

Mwanafunzi aliyeketi naye dawati moja, na aliyekubali kushirikiana naye, alijulikana kama Bi Daftari. Alikuwa msichana mtaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni na desturi moja isiyobadilika: hakuandika asichokiona. Mwalimu akisema kwamba maji huchemka, Bi Daftari aliandika, "Mwalimu amesema maji huchemka." Wenzake walimcheka, lakini mtu alipopoteza kitu au palipozuka ubishi, wote walikimbilia daftari lake.

"Tutaweka visahani kwenye kanyagio la cherehani," Kidadisi alimweleza. "Mama anapiga, taa inawaka. Umeme wa bure, kutoka kwenye kazi ambayo angeifanya hata hivyo!"

"Mama yako amekubali?"

"Atakubali nikimuuliza mara nyingi."

Mama alikubali baada ya mara ya sita. Mjomba akatoa visahani vinane alivyokuwa amevitoa kwenye saa na midoli iliyokufa. Kidadisi, aliyejua kushona tangu mikono yake ilipoweza kushika sindano, akashona vifuko viwili vya turubai: kimoja cha kukaa chini ya kisigino cha mama, kingine chini ya kidole, visahani vinne kila kimoja.

Walianza na kifuko cha kisigino. Mama alipokanyaga, taa ilikonyeza kidogo, hafifu, lakini ilikonyeza. Bi Daftari akaandika. Wakajaribu kidole peke yake, nacho kikawasha. Walirukaruka mpaka mjomba akawaambia wasimwangushie redio.

"Sasa vyote pamoja," Kidadisi alisema akisugua viganja. "Itawaka mara mbili!"

Waliunganisha vifuko vyote kwenye taa moja. Mama akapiga cherehani. Taa haikuwaka.

Wakakagua nyaya. Wakabadilisha taa. Wakajaribu leo, wakajaribu kesho na keshokutwa. Kisigino peke yake, iliwaka. Kidole peke yake, iliwaka. Wakiunganisha, giza. Kila mara Bi Daftari aliandika tarehe, saa na neno lilelile: "Haikuwaka." Mjomba alikuwa amepata kazi ya kufunga vipaza sauti mbali na nyumbani, akirudi usiku watoto wamelala, wala hakuwepo mchana wa kuulizwa.

"Tuonyeshe cha kisigino tu," Bi Daftari alipendekeza.

"Kale kamwanga?" Kidadisi alikaribia kulia. "Daktari anayetazama unywele mara elfu, tumwonyeshe taa ya kukonyeza kama inzi ameingia jichoni? Hawezi kutuchagua!"

Siku mbili kabla ya maonyesho, akiwa peke yake chumbani, Kidadisi alifungua kopo la mjomba na kuchukua betri bapa, nyembamba, ya saizi ya kisahani chenyewe. Hakuomba. Alijiambia kwamba ni kwa siku moja tu, na kwamba wazo lenyewe ni la kweli, betri inasaidia tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akaifungia betri kwenye kifuko cha kisigino pamoja na vipande viwili vya karatasi ya bati, vigusane mguu unapokandamiza, kisha akakishona kifuko upya kwa mshono mdogo na safi ambao hata mama asingeushuku.

Bi Daftari alipokuja, mama akaketi, akakanyaga, na taa ikawaka nyekundu mpaka ikang'arisha sindano.

"Imewaka!" Bi Daftari alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele. "Umefanya nini?"

"Nilikaza nyaya," Kidadisi alisema, akiangalia pembeni.

Bi Daftari akaandika kwa herufi kubwa: "Vyote pamoja. Imewaka. Mwanga mkali." Kidadisi alimtazama akiandika, kisha akachukua sumaku yake na kuinama kutafuta pini ambazo hazikuwapo.

* * *

Asubuhi ya maonyesho cherehani ilipelekwa shuleni kwa mkokoteni, mama akiishikilia kwa mikono miwili na mjomba akivuta huku akiuliza nani aliwahi kuona cherehani ikiandikishwa darasa la sita. Madawati yalisukumwa ukutani. Kulikuwa na chujio la maji, kipimo cha mvua kilichotengenezwa kwa chupa, na volkano mbili zilizogombana nani wa kwanza kulipuka.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Hakuharakisha. Kila meza aliinama, akauliza, akasikiliza mpaka mwisho. Alipofika kwenye cherehani alimsalimia kwanza mama, kisha akaomba aone.

Mama alipiga. Kisigino, kidole, kisigino, kidole, na taa ikawaka. Watoto wakasongamana. "Loo!" mmoja akasema. "Cherehani ina taa kama gari!"

Daktari hakusema loo. Alivaa miwani. "Mama, hebu simamisha miguu hapohapo. Usiinue kisigino."

Mama akatulia. Taa iliendelea kuwaka, nyekundu, tulivu, bila kukonyeza hata kidogo. Nyuma ya mama, mjomba alikunja uso.

"Inawaka hata miguu ikitulia," Daktari alisema polepole. "Vipimo ameandika nani?"

"Mimi," Bi Daftari alisema, akampa daftari kwa mikono miwili.

Daktari alilipitia, kisha akatoa mkobani kichupa cha kioo. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, laini, chembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Aliwaeleza kwamba kimefumwa kwa nyuzi ambazo ukichukua unywele mmoja ukaupasua vipande elfu, ndipo utazikaribia, na ndani ya nyuzi hizo mna fuwele za ukoo mmoja na zile za kwenye visahani vyao.

"Kinafanya kazi gani?" Kidadisi aliuliza. Hakuweza kujizuia.

"Bado ni ndoto. Kuna wagonjwa wanaoishi kwa mashine ndogo iliyowekwa kifuani kuusaidia moyo. Betri yake ikichoka, mtu anarudi kupasuliwa. Sisi tunataka moyo wenyewe, kwa kupiga kwake, ubonyeze utando huu na kuiendesha mashine. Lakini umeme tunaoupata ni mdogo mno, na ukitulia unakufa. Tumehangaika miaka sita." Aliigusa taa kwa ncha ya kalamu. "Yenu haifi. Kama ni kweli, kesho nitawaambia wenzangu waache wanachofanya tufuate njia yenu. Binti, unaweza kuyasimamia maneno yaliyomo humu?"

Bi Daftari alijinyoosha. "Naam. Kila kilichomo nimekiona kwa macho yangu."

Hakuwa na chembe ya wasiwasi. Alikuwa anasema kweli, maana aliiona taa ikiwaka, na hakujua kwamba alichokiona kilikuwa uongo wa rafiki yake. Kidadisi aliutazama uso ule uliomwamini na masikio yakamwaka moto. Aliwaza pia watu wa kule maabara wakiacha kazi yao kwa sababu ya betri aliyoiiba kwenye kopo, na mgonjwa fulani akisubiri.

"Daktari, usimuulize yeye," alisema. "Niulize mimi."

Alichukua mkasi wa mama kutoka kwenye droo ya cherehani, akapiga magoti, akakata mshono wake mzuri. Betri ilianguka, ikabingirika sakafuni na kuishia kwenye kiatu cha mjomba.

Mjomba aliiokota. "Nami naitafuta tangu juzi," akasema.

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta kucheka. Kidadisi alieleza yote akiwa palepale chini, kwa sauti iliyokatika njiani mara mbili: taa ilivyokataa, alivyoiba betri, alivyoishona. "Bi Daftari hakujua. Mama hakujua. Ni mimi peke yangu."

Mama aliondoa miguu yake kwenye kanyagio na kuikusanya chini ya kiti. Bi Daftari alilichukua daftari lake mkononi mwa Daktari, akatafuta ukurasa, akapiga mstari mmoja juu ya herufi kubwa na kuandika chini yake, "Ilikuwa betri." Hakumwangalia Kidadisi, na hilo lilimuuma Kidadisi kuliko macho ya darasa zima.

"Nilijua," Daktari alimwambia Kidadisi. "Fuwele haziwashi taa kwa kutulia. Sikujua nani anadanganywa na nani anadanganya, ndiyo maana nikauliza. Njia ya mwongo ni fupi, binti, ila wewe umeikatisha mwenyewe kabla hujakamatwa." Akavuta kiti akaketi. "Haya, betri imekwenda. Sasa nionyesheni kilichowashinda. Mimi hicho ndicho ninachokipenda."

Daktari akamwomba Bi Daftari asome kurasa za zamani.

"Kisigino peke yake, imewaka," Bi Daftari alisoma kwa sauti kavu. "Kidole peke yake, imewaka. Vyote pamoja, haikuwaka."

"Mlirudia mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kitu kikitokea mara kumi na moja, huo si mkosi. Kina sababu yake, na sababu imo humo mlimoandika. Nasikia wewe unaitwa Kidadisi. Basi dadisi."

Kidadisi alijifuta macho kwa mkono wa sare. Akainama chini ya cherehani kama alivyoinama siku zote, lakini safari hii hakutafuta pini. "Mama, tafadhali, piga. Taratibu kabisa."

Mama akasogeza kiti mbele. Halafu miguu yake ikarudi kwenye kanyagio. Kisigino kilishuka. Kidole kikainuka. Kidole kikashuka. Kisigino kikainuka.

"Vinapokezana," Kidadisi alinong'ona. Kisha kwa sauti, "Vinapokezana! Kisigino kikibonyezwa, kidole kinaachiwa. Mjomba, ulisema ukibonyeza umeme unakwenda huku, na ukiachia unarudi kule. Sasa umeme wa kwenda na wa kurudi unakutana kwenye waya mmoja. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani na huyu yuko nje!"

"Na mlango?" Daktari aliuliza.

"Haufunguki." Kidadisi alikuwa tayari ameshazishika nyaya. "Huyu wa kidole tumgeuze, wasukume upande mmoja!"

Nyaya zilikuwa zimesokotwa tu. Alizisokotoa zile za kidole, akazibadilisha, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Mjomba alinyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha mfukoni na kumwacha amalize. Mwalimu akavuta pazia. Mama akapiga.

Taa ikakonyeza. Ikakonyeza tena, na tena, kila kisigino kiliposhuka. Haikung'arisha sindano, wala aliyesimama mlangoni asingeiona. Lakini ilikuwa na nguvu kuliko kisigino peke yake, kuliko kidole peke yake, na haikuwa na betri popote. Bi Daftari aliinama karibu kabisa, akahesabu mikonyezo ishirini kabla ya kufungua kalamu.

* * *

Mchana Daktari alitangaza majina mawili. La kwanza lilikuwa la Bi Daftari, kwa sababu, alisema, maabara inaweza kukosa hadubini ikaishi, lakini haiwezi kukosa mtu anayeandika anachokiona. La pili lilikuwa la mvulana wa kipimo cha mvua. Kisha akamwita Kidadisi pembeni.

"Kichwa chako kimenifurahisha leo," alimwambia. "Mkono wako umenihuzunisha. Kwangu vinaingia vyote viwili pamoja. Omba tena mwaka ujao, nami nitalisoma ombi lako bila kinyongo."

Kidadisi alisema asante, akaenda nyuma ya darasa na kulia kilio ambacho hakuwa na wa kumlaumu kwacho isipokuwa yeye mwenyewe. Aliitaka wiki ile kwa moyo wote, nayo ilikuwa imekwenda. Baada ya muda alisikia viatu vikisimama karibu.

"Bado nimekukasirikia," Bi Daftari alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Nitakasirika mpaka kama Jumatano hivi." Alifikiri kidogo, asije akasema kisichokuwa. "Pengine Alhamisi. Halafu niandikie maswali ya kumuuliza Daktari, maana mimi sijui kuuliza. Usizidishe kurasa mbili."

Mjomba alibaki shuleni kurekebisha kipaza sauti cha mwalimu mkuu, basi mama na Kidadisi waliusukuma mkokoteni wenyewe. Karibu na kona mama alisimama kupumzika.

"Taa ilipokataa kuwaka," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nimeshindwa."

"Mimi nilipojifunza kushona, suti ya kwanza niliishona mikono yote miwili ya kushoto. Nilitamani kuificha. Bibi yako akanikalisha chini, nikaifumua uzi kwa uzi, na nilipomaliza nilijua mkono wa koti unavyokaa begani, mpaka leo." Alimwangalia mwanawe usoni. "Kosa ukiliacha wazi linakufundisha. Ukilishonea ndani, hulioni tena, na wanaokuamini wanalivaa bila kujua. Leo jibu lilikuwa kwenye daftari la mwenzako kwa sababu aliandika hata pale mliposhindwa. Ungemfanya Daktari afuate ule mwanga mkali, angepotea yeye na wagonjwa wake. Kale kamwanga kadogo ka kweli ndiko kalikoonyesha njia. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Na betri utamlipa mjomba wako kwa kumfagilia meza mwezi mzima, na nyuzi zangu zote uzitoe kwenye redio zake." Mama akashika tena mpini wa mkokoteni. "Nikuambie na hili. Leo umenitia aibu ambayo sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Kisha ukachukua mkasi mbele ya watu wote, nami nikaona fahari ambayo pia sijawahi kuionja. Siku moja, mtoto mmoja. Nimechoka, mwanangu. Sukuma."

Kidadisi akasukuma.